Kupauka si Kufa: Uhakiki wa Istilahi za Maradhi ya Matumbawe Laini

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yuko mgonjwa ambaye hafichi maradhi yake wala hana kinywa cha kuyasema: hubadilika rangi, husinyaa, hutoa ute, naye hungoja mwenye macho amtazame na mwenye lugha aitaje hali yake kwa neno lililo sawa. Mgonjwa huyo ni tumbawe laini. Mtazamaji akikosea neno, atakosea pia tiba. Na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Meza ya istilahi imepokea mswada wa mwongozo wa kufuga matumbawe laini katika tangi la maji ya bahari nyumbani. Umefasiriwa kutoka Kiingereza na ndugu yetu mmoja aishiye ng'ambo, naye ameomba tuutazame kabla haujapigwa chapa. Yafaa niseme mwanzoni kabisa kwamba kazi hii ni ya kusifiwa. Kiswahili chake kinatiririka, na sura zihusuzo taa, pampu na machujio zinasomeka bila kikwazo. Upungufu umo katika sura ya maradhi, ambayo ndiyo roho ya kitabu, na chanzo chake si uvivu wa mfasiri bali ni istilahi.

Huenda msomaji akauliza: ufugaji huu, ambao kwa sehemu kubwa ni burudani ya watu wa Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, unatuhusu nini? Jibu ni mawili. Kwanza, Waswahili wako huko, na baadhi yao wana matangi hayo sebuleni. Pili, na hili ndilo kubwa, neno likishapigwa chapa halibaki ndani ya tangi. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipopanda, matumbawe ya mwambao wetu yalipoteza rangi kwa wingi, na mengi yakafa. Hali hiyo ilirudi mwaka 2016, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza tukio la nne la namna hiyo kwa dunia nzima. Maneno atakayoyazoea mfugaji wa tangi ndiyo atakayoyakuta mwanafunzi, mtembezi wa watalii na mvuvi. Kwa hiyo hapana budi tuyapime leo.

Jina lenyewe

Tuanze na jina. Kwa fundi wa mwambao, tumbawe ni jiwe la kujengea. Misikiti na majumba ya Kilwa na Lamu ni ushahidi. Tena mafundi wa zamani walilitoa baharini likiwa bichi, wakalichonga likiwa bado laini, nalo likaja kuwa gumu lilipokauka. Basi kwa fundi huyo "tumbawe laini" ni jiwe lile lile ambalo halijakauka! Mfasiri hakuliona tatizo hili, na mahali pawili amemweleza msomaji kwamba tumbawe laini "halijakomaa kuwa gumu". Hilo ni kosa. Tumbawe laini halitakuwa gumu hata likiishi miaka mia, kwa sababu halijengi kiunzi cha jiwe chini ya mwili wake kama lijengavyo tumbawe gumu. Lina vijiwe vidogo sana vya chokaa vilivyotawanyika ndani ya nyama, na kwa umbo la vijiwe hivyo wataalamu hutambua jamii moja na nyingine.

Je, tulitupe neno hili? Sidhani. Limekwisha kuenea, na hakuna jingine lililo jepesi kama hilo. Lakini fasili yake isitegemee ulaini. Alama ya kundi hili ni minyiri minane kwa kila polipi, na kila mnyiri una vitawi pembeni kama unyoya. Mnyama aitwaye kwa jina la kisayansi Tubipora musica ana kiunzi kigumu chekundu chenye umbo la mabomba, hali kadhalika Heliopora ana kiunzi cha buluu, na wote wawili wana minyiri minane. Kwa upande wa pili, wafugaji huwatia katika fungu la "laini" wanyama wawili walio mbali na kundi hilo, yaani zoantidi na wale wenye umbo la uyoga. Napendekeza tuwe na majina mawili: "tumbawe laini" kwa matumizi ya kawaida, na "tumbawe la minyiri minane" pale ambapo mwandishi anahitaji usahihi. Wala usahihi huu si pambo la wasomi. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini umeyaweka matumbawe magumu katika orodha yake ya pili, pamoja na Tubipora na Heliopora, lakini matumbawe laini mengi hayamo. Afisa wa forodha asiye na neno sahihi atazuia asichopaswa kukizuia na kupitisha asichopaswa kukipitisha.

Uaguzi, uchunguzi na utambuzi

Mswada umetumia neno "uaguzi" kwa kazi nzima ya kujua maradhi. Ni neno la asili na ladha yake ni nzuri. Hata hivyo mwaguzi wa desturi hupiga ramli: hutaja chanzo kwanza, kisha mgonjwa akakubali. Mfugaji wa matumbawe hapaswi kufanya hivyo hata kidogo. Yeye hutazama, hupima, hulinganisha, halafu ndipo hutaja. Hapa kuna dhana mbili, na Kiswahili kina maneno mawili tayari: "uchunguzi" ni kazi ya kutazama na kupima; "utambuzi" ni uamuzi unaofikiwa mwishoni. Mswada ulipozichanganya dhana hizi, uliangukia kosa la pili lililo kubwa zaidi: uliita dalili kuwa ni ugonjwa. Tunasoma kuhusu "ugonjwa wa kufumba", "ugonjwa wa kusinyaa", "ugonjwa wa kupinda shina". Hayo si magonjwa, la hasha. Ni dalili, na kila moja ina vyanzo kadha wa kadha.

Tuchukue kusinyaa. Ikiwa wanyama wote wa tangi wamesinyaa kwa pamoja, uchunguzi uanzie kwenye maji: joto, kiasi cha chumvi, amonia, ualkali. Ikiwa amesinyaa mmoja tu, uchunguzi uanzie kwake na kwa jirani yake: je, mkondo wa maji unampiga upande mmoja? Je, jirani anamchoma? Je, yuko mdudu amlaye usiku? Na ikiwa aliyesinyaa ni Dendronephthya, yule mzuri mwenye rangi nyekundu au ya zambarau, basi huenda ni njaa tu, maana huyu hana mwani mwilini wa kumlisha. Hutegemea chembe ndogo za chakula zinazopita majini, na katika tangi la kawaida chembe hizo hazimtoshi. Neno moja, "kusinyaa", limebeba vyanzo vitatu na tiba tatu zisizofanana. Aliyeliita ugonjwa ameufunga mlango wa uchunguzi kabla haujafunguliwa.

Vitenzi vitatu visivyochanganywa

Sasa tufike kwenye kiini. Mnyama apotezapo rangi, mswada wasema kwamba "amejichubua". Ni dhahiri kwamba mfasiri alifikiria dawa za kung'arisha ngozi. Kiingereza nacho kililichukua neno lake kwa dobi ang'arishaye nguo, kwa hiyo si ajabu kwamba akili ilielekea huko. Lakini kuchubua ni kutoa ngozi. Katika hali hii ngozi haikutoka, nyama imebaki, na mnyama yu hai. Kilichotoka ni mwani mdogo sana uishio ndani ya chembe zake, au rangi ya mwani huo. Mwani ukiondoka, tumbawe gumu huonekana jeupe kwa sababu kiunzi chake cheupe huonekana kupitia nyama iliyobaki kama kioo. Tumbawe laini halina kiunzi hicho, kwa hiyo huwa na weupe hafifu, au hupenya nuru. Chanzo huwa joto lililozidi, mwanga uliozidi, au mabadiliko ya ghafla. Chanzo kikiondolewa mapema, mwani huweza kurudi na mnyama akapona.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Katika kikao kimoja mimi mwenyewe nilipendekeza "kufa kweupe", nikijiona nimeumba jambo. Baadaye nikawa pwani, nikamwamkia mzee mmoja mvuvi na kumweleza neno langu. Alicheka, akasema: "Mwanangu, jiwe likifa halikai jeupe. Huota mwani likawa la kijani, kisha likachakaa. Hilo jeupe bado lina uhai wake, limepauka tu." Kamusi yangu nzima ilishindwa na sentensi hiyo moja. Kupauka ni hali ya kanga iliyofuliwa mara nyingi na ya ngozi iliyokosa mafuta: rangi imekwenda, mwenyewe yupo. Hakuna kitenzi kiifaacho dhana hii zaidi ya hicho, na kutokana nacho tunapata "upaukaji" kwa jina la tukio.

Kuchubuka nako kusitupwe, bali kuhamishwe mahali pake. Ziko hali ambapo nyama yenyewe hubanduka na kuyeyuka, shina likabaki na donda. Hali hiyo ndiyo hasa ya kuitwa "kuchubuka". Tofauti hii ina matokeo makubwa. Mnyama aliyepauka hupunguziwa mwanga, hurekebishiwa joto na kuachwa apumzike. Mnyama anayechubuka hukatwa kwa wembe safi mpaka kwenye nyama nzima, sehemu nzima ikatengwa, na iliyooza ikaondolewa isije ikachafua maji. Mfugaji akisoma neno moja kwa hali zote mbili, atamkata aliyehitaji kivuli na kumpa kivuli aliyehitaji kukatwa.

Kitenzi cha tatu mswada haukukipata kabisa. Sarcophyton, tumbawe laini lenye umbo la uyoga mkubwa na ngozi mithili ya kiriba, hufumba polipi zake mara kwa mara, uso wake ukang'aa kama uliopakwa nta, na baada ya siku chache, au hata wiki mbili, huachia utando mwembamba na kufumbua upya. Kwa kufanya hivyo hujiondolea mwani na takataka zilizomgandia. Mswada umekuita huku "kuoza ngozi" na kupendekeza dawa. Kumbe mnyama ni mzima; anachohitaji ni mkondo wa maji wenye nguvu kidogo ili utando uchukuliwe. Nyoka hujivua gamba na hakuna amwitaye mgonjwa. Hapa si gamba bali ni utando, kwa hiyo napendekeza "kujivua utando".

Vimelea, usaha na ukali

Makosa matatu yaliyobaki katika sura hii yanafanana: neno la Kiswahili lipo, maana yake ni kamili, lakini limewekwa pasipo pake.

La kwanza ni "vimelea". Mswada umeuita hivyo ule mwani uishio ndani ya tumbawe, kwa kuwa unaishi ndani ya kiumbe kingine. Lakini kimelea kwetu ni mdhuru: hula pasipo kulipa. Mwani huu hulipa, tena kodi nono. Hufanya usanisinuru na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Ukurasa mmoja mbele mswada unamshauri msomaji atumbukize tumbawe katika dawa ya "kuua vimelea". Je, msomaji afahamuje kwamba vimelea hawa si wale? Napendekeza "mwani mwenza" kwa rafiki, na "vimelea" tuwaachie minyoo bapa, makoa wa baharini walao matumbawe, na wenzao. Konokono mweupe Ovula ovum, mwenye kombe zuri kama yai la kauri, hula Sarcophyton na jamaa zake. Mfugaji amwonaye na kufurahia uzuri wake anamkaribisha mwizi.

La pili ni "usaha wa kahawia". Ni kweli kuna ute wa rangi hiyo ambao hufunika nyama inayokufa na kuenea upesi, na ndani yake chini ya hadubini huonekana vijidudu vyenye vinyweleo vya kuogelea. Lakini usaha ni zao la damu na kidonda, na tumbawe halina damu. Neno "ute" latosha: "ute wa kahawia". Tena lina faida ya kutotangaza chanzo, maana vijidudu hivyo kuonekana hapo si lazima kuwe na maana kwamba wao ndio walioanza.

La tatu ni "ukali wa maji". Mfasiri amesikia "alkali" akaandika "ukali", na sauti zimemdanganya. Kwa Mswahili maji makali ni yale yachomayo, yaani yaliyoelekea asidi, kinyume kabisa cha linalokusudiwa. Mswada unasema "ongeza ukali ufike 8". Naogopa kufikiri kile ambacho mtu angeweza kumimina. Istilahi iwe "ualkali", nayo iandamane na kipimo chake: digrii 7 hadi 11 kwa kipimo cha Kijerumani. Vivyo hivyo "chumvi 35" haitoshi. Iandikwe gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Joto liandikwe nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na amonia isiwepo. Tarakimu bila kipimo ni ramli nyingine.

Neno la hatari

Nimeliweka mwisho jambo ambalo kwangu linazidi mengine yote, maana linahusu uhai wa mtu, wala si wa tumbawe. Mswada umezitafsiri polipi zote kwa neno "maua ya bahari". Lina uzuri wake, na lina historia pia: wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba ni maua ya mmea, hadi tabibu Mfaransa Peyssonnel katika miaka ya 1720 alipodai kwamba ni wanyama, naye hakusadikiwa mara moja. Lakini miongoni mwa "maua" hayo wamo zoantidi, na baadhi yao wana palitoksini, sumu iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutokana na mnyama wa Hawaii, nayo ni miongoni mwa sumu kali sana zijulikanazo katika viumbe. Mfugaji akichemsha jiwe lenye wanyama hao, au akilisugua kwa brashi na maji ya moto, sumu huweza kupanda hewani pamoja na mvuke ikawapata wote waliomo nyumbani. Katika jimbo la Alaska, Marekani, kati ya mwaka 2012 na 2014, watu waliugua majumbani na dukani kwa namna iliyoshukiwa kuwa ni hiyo.

Asili ya Kiingereza inataja zoantidi kwa jina na kukataza jiwe lao lisichemshwe. Mswada unakataza kuchemsha "jiwe lenye maua makubwa". Makubwa kiasi gani? Kuliko yapi? Onyo limepotea ndani ya pambo. Nashauri mambo mawili. Kwanza, neno "polipi" litumike kwa wote, na "zoantidi" litajwe kwa jina lake, hata kama ni geni sikioni. Ugeni wa neno huponyeka kwa mazoea. Pili, onyo liandikwe bila sharti: jiwe lolote lililotoka tangini lisichemshwe, na aligusaye avae glavu na kulinda macho yake.

Suala la ngeli

Limebaki swali la sarufi. Tumbawe ni mnyama: je, tuseme "matumbawe wamepauka"? Kanuni ya viumbe hai ingetuelekeza huko. Lakini wenye lugha wamesema "matumbawe yamekufa" tangu zamani, kwa kuwa wanaliona kama jiwe na jamii kwa pamoja, wala si kama mnyama mmoja. Naona tusiwasahihishe. "Tumbawe" libaki katika ngeli yake, ila "polipi" asemwe kwa upatanisho wa kiumbe hai: polipi amefumba, polipi wamefumbua. Kwa njia hiyo sentensi yenyewe itamfundisha msomaji kwamba jiwe hili ni mtaa, na wakazi wake wana uhai.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mapendekezo ni haya: uchunguzi kwa kazi, utambuzi kwa uamuzi; kupauka kwa kupoteza rangi, kuchubuka kwa kupoteza nyama, kujivua utando kwa usafi wa kawaida; mwani mwenza, ute wa kahawia, ualkali, polipi na zoantidi. Kati ya hayo, mengi si mapya. Yalikuwamo katika lugha yakingoja kupewa kazi iliyo yao, na lililo bora kuliko yote tulipewa na mzee asiyewahi kuliona tangi la kioo.

Ndugu mfasiri nimempelekea maelezo haya, naye nina hakika atayatumia vyema, maana kazi yake inastahili kuwafikia wasomaji. Wasomaji wetu wa mwambao, hasa wavuvi, wapiga mbizi na walimu, tunawaomba watuletee maneno wayatumiayo kwa hali za matumbawe, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika. Tusipoyakusanya sasa, tutakuja kuyaunda ofisini, na nimekwisha kusimulia matokeo ya jaribio langu la kwanza.